Kitenzi Kusoma na Vitabu vya Ukombozi

Katika lugha yetu kuna kitenzi kimoja kinachobeba mizigo miwili bila kulalamika. Ni kitenzi kusoma. Mtu aliyeshika gazeti barazani anasoma. Anayekwenda chuoni kila asubuhi anasoma. Akihitimu huambiwa amesoma. Na asiyepata shule huambiwa hakusoma, hata kama kila jioni anapitia daftari la madeni mstari kwa mstari, na kila alfajiri anafungua msahafu. Kijana akiondoka shuleni kwa kukosa ada au kwa kuanguka mtihani, jirani hawasemi kwamba ameacha shule tu. Husema ameacha kusoma.

Nimekuwa nikikitafakari kitenzi hiki kwa sababu ya swali ninaloulizwa mara kwa mara na vijana niliowahi kuwafundisha Kiswahili sekondari: mtu anayetaka kuzijua fikra za watu Weusi juu ya ukombozi na elimu aanze na kitabu gani? Orodha zipo nyingi, na nyingi ni ndefu kuliko subira ya mwanadamu. Mimi huvisoma vitabu hivyo kama ugomvi mmoja uliodumu zaidi ya karne moja na nusu, na ugomvi wenyewe, kwa masikio ya Mswahili, unahusu kitenzi hiki hiki. Je, kwenda shule na kusoma ni jambo moja? Nani anyimwe vyote viwili? Nani apewe kimoja ili asikidai kingine? Ndiyo maana sipangi vitabu kwa umashuhuri wa waandishi wake.

Huanza na Frederick Douglass. Kitabu chake cha kwanza kuhusu maisha yake kilitoka mwaka 1845, miaka saba tu baada ya kutoroka utumwani, nacho ni chembamba. Mtu mwenye nafasi hukimaliza kwa siku mbili. Alizaliwa Maryland, na alipokuwa mtoto akapelekwa Baltimore kutumika katika nyumba ya Hugh Auld. Mke wa Auld, Sophia, alikuwa hajazoea kumiliki mtumwa, akaanza kumfundisha herufi kama ambavyo angemfundisha mtoto yeyote aliyekaa karibu naye. Mumewe alipogundua alimkanya, na akaitoa sababu mtoto mwenyewe akisikia: mtumwa akijua kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Somo hilo ndilo lililomfaa Douglass kuliko alfabeti. Aliyemwonyesha mlango ulipo ni yule aliyekimbilia kuufunga.

Baada ya hapo alijitafutia walimu mitaani. Nyumbani kwa bwana wake mkate haukukosekana, na nje walikuwapo watoto wa Kizungu maskini walioshinda na njaa. Akawa anatoka na mkate mfukoni na kurudi na somo. Kwenye kiwanda cha kuunda meli aliona mafundi wakiandika herufi juu ya mbao kuonyesha ubao upi ni wa upande wa kushoto na upi wa kulia, naye akajifunza kuandika kwa herufi hizo chache. Alipofika umri wa miaka kumi na miwili hivi alinunua kwa senti 50 kitabu cha hotuba na majibizano kiitwacho The Columbian Orator, ambamo mna majadiliano kati ya mtumwa na bwana wake.

Wanaokisifu kitabu cha Douglass hupenda kuishia hapo, penye ushindi. Lakini yeye mwenyewe anaendelea, na sehemu inayofuata ndiyo inayonifanya nikipe nafasi ya kwanza. Anakiri kwamba kusoma kulimtesa. Kulimfungulia macho juu ya hali yake bila kumpa njia ya kutoka, hata kuna nyakati aliwaonea wivu watumwa wenzake wasiojua herufi. Mwandishi wa propaganda asingeliweka jambo hilo. Douglass aliliweka.

Hapa naomba ruhusa ya msomaji nizungumze kidogo juu ya neno ukombozi, kwani limepita mikono mingi. Wengi wetu tukilisikia tunaona bunduki na msitu. Ila kitenzi kukomboa ni cha rehani kabla ya kuwa cha vita. Mtu huweka pete kwa mkopeshaji, kisha siku akipata fedha huenda kuikomboa. Hapa pwani, mtumwa aliyepatana na bwana wake aliweza kujikomboa kwa mali. Uhuru ni hali ya mtu. Kukomboa ni kazi ya kukirudisha kilichokuwa chako tangu mwanzo, nacho kinazuiliwa na mwingine. Msemaji wa Kiswahili anayesoma vitabu hivi ana faida hiyo mkononi: lugha yake imekwisha kumwambia kwamba kilichozuiliwa ni chake.

Booker T. Washington angelielewa neno hilo vizuri kuliko wengi. Alizaliwa utumwani Virginia, na mwaka 1881 akaanzisha shule ya Tuskegee katika jimbo la Alabama. Katika Up from Slavery, kitabu cha mwaka 1901, anasimulia jinsi wanafunzi walivyojaribu kufyatua na kuchoma matofali ya kujengea shule. Tanuri la kwanza likaharibika, la pili likaharibika, la tatu likaharibika. Fedha zikamwishia. Akaenda mji wa Montgomery akaiweka saa yake rehani, akapata dola 15, akarudi kujenga tanuri la nne, nalo likaiva. Saa hakuikomboa, muda wa rehani ulipita kabla hajapata fedha. Anasema hakujuta.

Sikipendi sana kitabu hicho. Sauti yake ni ya mtu anayejua kwamba matajiri wa Kizungu wameketi safu ya mbele, naye huchagua maneno kwa kuwatazama nyuso zao. Lakini ukurasa wa saa na tanuri unanishika kila mara, na asiyeujua hawezi kuelewa kwa nini watu wengi Weusi walimfuata. Hoja yake ilikuwa hii: mtu Mweusi apate kwanza ufundi, kilimo na akiba, madai ya kura na usawa yasubiri. Aliitoa waziwazi katika hotuba ya Atlanta mwaka 1895.

W.E.B. Du Bois alimjibu mwaka 1903 katika The Souls of Black Folk. Sura ya jibu lenyewe ni maarufu, nami humwelekeza msomaji kwenye sura nyingine, ile ya shule ya kijijini Tennessee. Du Bois alipokuwa mwanafunzi wa Chuo cha Fisk alikwenda vijijini kutafuta kazi ya ualimu wakati wa likizo. Shule aliyoipata ilikuwa kibanda cha magogo, na binti aliyemwambia kwamba kuna shule ni Josie, mwenye umri wa miaka ishirini hivi, mwenye kiu ya elimu na mzigo wa familia nzima mabegani. Miaka kumi baadaye mwalimu alirudi. Kibanda cha magogo hakikuwapo tena, na Josie alikuwa amekwisha kufariki, baada ya kufanya kazi mpaka akachoka kabisa. Hakuna hoja katika sura hiyo, na hakuna hoja inayoishinda. Ukimsoma Josie, huwezi tena kusema kwa wepesi kwamba usawa usubiri.

Msomaji wa Tanga au wa Nakuru ana haki ya kuuliza ugomvi wa Wamarekani wawili unamhusu nini. Unamhusu, kwa kuwa ulimfikia babu yake akiwa darasani. Mwaka 1924 tume ya elimu ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizuru Afrika Mashariki chini ya Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey, mwalimu kutoka Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Tume ilikuja na mfano wa Hampton na Tuskegee: Mwafrika apewe elimu inayolingana na maisha ya kijiji, yaani kilimo, usafi na kazi za mikono. Mwaka 1925 ikafunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, shule ya kuwafunza walimu watakaozungukia shule za vijijini. Iliitwa Jeanes School, kwa jina la Anna Jeanes, mwanamke wa Philadelphia ambaye alitoa mali yake kwa ajili ya shule za watu Weusi wa vijijini kusini mwa Marekani. Du Bois alikuwa mpinzani wa wazi wa Jones na siasa yake ya elimu. Kwa hiyo Washington na Du Bois waligombana hata Kabete, bila yeyote kati yao kuwapo.

Wazazi Wakikuyu waliielewa hoja pasipo kumsoma Du Bois. Walijenga shule zao huru, na mwaka 1939 wakafungua chuo chao cha ualimu Githunguri. Moja ya madai yao ni kwamba watoto wafundishwe Kiingereza mapema kuliko serikali ilivyopenda. Mpenzi wa Kiswahili akifika hapo hana budi kutua kidogo. Tumezoea kusimulia kwamba mkoloni alitulazimisha Kiingereza, na kuna mahali ilikuwa hivyo. Lakini kuna mahali alikificha, kama Auld alivyozificha herufi, na watu wakakidai kwa kuwa kilifichwa. Lugha iliyokuwa ukuta katika shule moja ilikuwa ufunguo katika nyingine. Anayetaka kutetea Kiswahili shuleni leo, kama ninavyotaka mimi, asiipite habari hiyo kimyakimya.

Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa mwaka 1967, ni vizuri isomwe mara tu baada ya Washington. Kwa juu zinafanana: shamba la shule, jembe, mikono yenye udongo. Tofauti imo katika nani anajitegemea na kwa faida ya nani. Nyerere hakulitaka jembe limfanye Mwafrika aridhike na nafasi aliyopangiwa. Alitaka shule isimtenge kijana na wazazi wake ikamfanya ajione bora kuliko wao. Kama shamba la shule lilikuja kuwa adhabu ya wachelewaji, kama wengi tunavyolikumbuka, hilo halimo katika kijitabu.

Sasa niwajulishe watu ninaosoma nao. Kila Jumamosi alasiri tunakutana Ngamiani, mjini Tanga, barazani kwa fundi cherehani mmoja mwanamke. Wapo mama lishe, kijana wa bodaboda niliyewahi kumfundisha, karani mstaafu wa bandari, na wengine wanaokuja na kupotea. Vitabu karibu vyote viko kwa Kiingereza, hivyo mimi husoma sura nyumbani, kisha nikaisimulia kwa Kiswahili barazani, na penye jambo zito natafsiri ukurasa mzima kwa mkono katika daftari. Hakuna aliyetupa ruhusa wala aliyetukataza.

Kijana wa bodaboda ndiye sababu ya mimi kulichukulia jambo hili kwa uzito. Katika darasa langu la Kiswahili alikuwa mbishi wa kwanza katika mdahalo, mwenye kumkumbuka Kinjekitile na sababu za Maji Maji kana kwamba aliwahi kumwona. Kengele ikigonga akaingia kipindi cha historia, ambacho wakati huo sekondari kilifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, alikuwa bubu. Mambo aliyajua, sentensi ya kuyabeba hakuwa nayo. Matokeo ya kidato cha nne yakasema hajui historia. Mtaani wakasema ameacha kusoma, na kwa muda mrefu yeye mwenyewe aliyasema hayo kwa mdomo wake, akicheka.

Kwa hiyo nilipomsimulia habari za Carter G. Woodson sikuwa nasimulia mambo ya mbali. Woodson alizaliwa Virginia mwaka 1875, wazazi wake wakiwa watu waliokuwa watumwa. Kabla ya kuingia shule ya sekondari, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, alifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe huko West Virginia. Mchimba mwenzake mmoja, askari wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, hakujua kusoma, lakini nyumbani kwake palikuwa baraza la wachimbaji, naye alikuwa na vitabu na magazeti. Woodson aliwasomea magazeti kwa sauti, akalipwa kwa chakula. Huko ndiko, kwa maelezo yake mwenyewe, hamu yake ya historia ya watu wake ilikopata nguvu. Baadaye alipata shahada ya udaktari Harvard, mwaka 1912, na mwaka 1926 akaanzisha wiki ya historia ya watu Weusi ambayo leo imekuwa mwezi mzima. Mwaka 1933 akaandika The Mis-Education of the Negro, kitabu ambacho hoja yake, ukiifupisha, ni kwamba aliyefundishwa kujidharau hahitaji mlinzi. Atakwenda mwenyewe kuketi nyuma. Mtu mwenye shahada anaweza kuwa mtumwa mzuri zaidi, kwa sababu amesomeshwa utumwa kwa gharama kubwa.

Kitabu hicho kina marudiorudio na mahali pengine hasira imemzidi mwandishi. Kisomwe tu.

Mtu tuliyempenda wote barazani ni Septima Clark. Alikuwa mwalimu wa shule za serikali huko South Carolina kwa takriban miaka 40, na mwaka 1956 akafukuzwa kwa kukataa kuuficha na kuuacha uanachama wake wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu Weusi. Maisha yake ameyasimulia katika Ready from Within, kitabu cha mwaka 1986 kilichoandikwa kutokana na mazungumzo yake na Cynthia Stokes Brown. Sheria ya jimbo lile ilitaka anayejiandikisha kupiga kura aonyeshe kwamba anaweza kusoma kifungu cha katiba, na sote tunajua sheria ya namna hiyo ilimlenga nani. Katika kisiwa cha Johns Island alikuwapo Esau Jenkins, mwenye basi la kuwapeleka watu kazini Charleston. Njiani aliwafundisha abiria vifungu vya katiba. Mama mmoja alivihifadhi kwa moyo bila kujua herufi, akasema sasa anataka kujua kusoma kwelikweli.

Januari 1957 darasa likafunguliwa katika chumba cha nyuma cha duka la ushirika. Mbele waliuza vyakula ili Wazungu wasishuku. Mwalimu aliyechaguliwa, Bernice Robinson, hakuwa mwalimu. Alikuwa msusi na mshonaji, na alichaguliwa kwa sababu hiyo hasa: asingewadharau watu wazima, tena riziki yake ilitoka kwa wateja Weusi, hakuna Mzungu wa kumfukuza kazi. Alikuja na vitabu vya watoto wa shule ya msingi, akavitazama, akaviweka kando. Akawauliza wanafunzi wake 14 wanataka kujifunza nini. Walitaka kuandika majina yao, kujaza fomu za kuagiza bidhaa na za kutuma fedha, kusoma Biblia, kusoma katiba. Hizo zikawa silabasi. Madarasa ya aina hiyo yalienea majimbo mengi ya kusini, na sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965 ikaja kuubana mtihani wenyewe wa kusoma.

Fundi wetu aliposikia kwamba mwalimu alikuwa mshonaji alisimamisha cherehani. Mama lishe akamkumbuka mama yake mzazi, aliyejifunza kutia saini katika darasa la kisomo, jioni, baada ya shamba. Mwaka 1970 serikali ya Tanzania iliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na neno kisomo likaenea nchi nzima. Nalipenda neno hilo. Ni jina lililotoka tumboni mwa kitenzi kile kile, lakini halina sare wala ada wala kidato. Mwenye kisomo ni mtu mzima anayesoma. Sielewi kwa nini tumeliacha lizeeke pamoja na taa za karabai.

Karani mstaafu ndiye aliyelivuta jambo nyuma zaidi. Babu yake, alisema, aliandika barua na mashairi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini alipokwenda ofisini wakati wa Mwingereza alitakiwa kuweka dole gumba, kwa kuwa herufi za ofisi zilikuwa za Kirumi. Wapenzi wa ushairi hawahitaji kukumbushwa kwamba Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, kabla ya Tuskegee na kabla ya Kabete. Pwani hii ilikuwa na wasomi wengi ambao siku moja, bila kusahau hata herufi, waliamka wakiitwa watu wasiosoma.

Malcolm X nitampitia haraka, kwani ndiye anayejulikana zaidi. Aliacha shule baada ya darasa la nane. Mwalimu wake alikuwa amemwambia kwamba uwakili si lengo la mtu kama yeye, afikirie useremala. Gerezani Massachusetts alinakili kamusi kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, na taa zikizimwa akasoma kwa mwanga wa kwenye ujia. Mwenye kupenda lugha asome sura hiyo hata kama hatasoma nyingine. Oktoba 1964 alikuwa Dar es Salaam. Miezi minne baadaye aliuawa, na kitabu cha maisha yake, alichomsimulia Alex Haley, kikatoka mwaka huo huo wa 1965.

Kwa Walter Rodney huwa ninakawia. Wengi hukimbilia How Europe Underdeveloped Africa, kilichotoka mwaka 1972 London na Dar es Salaam, alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kina sehemu nzito juu ya elimu ya kikoloni kama elimu ya kudumaza. Lakini kwanza ningemwomba msomaji atafute kile chembamba cha mwaka 1969, The Groundings with My Brothers. Rodney, daktari wa historia mwenye umri usiofika miaka thelathini, alikuwa akitoka chuoni na kwenda kuketi na Marastafari na maskini wa Kingston, Jamaica, wakizungumza historia ya Afrika uani, juu ya chochote kinachokalika. Serikali iliona hilo ni hatari kuliko mihadhara yake yote. Oktoba 1968 alizuiliwa kuingia tena nchini humo. Baraza, basi, si jambo dogo. Rodney aliuawa kwa bomu mjini Georgetown, Guyana, mwaka 1980, akiwa na miaka 38.

Limebaki jambo linaloniudhi. Kijana wa bodaboda aliniuliza kwa nini vitabu vinavyosema juu yake haviwezi kusemwa naye. Nilimletea Viumbe Waliolaaniwa, tafsiri ya Frantz Fanon iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga na kuchapishwa na Tanzania Publishing House. Nakala yangu imelegea uzi na haipatikani dukani. Nilimletea pia Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o, nikamsimulia kwamba riwaya hiyo ilianza kwa Kikuyu juu ya karatasi za msalani gerezani, na kwamba kilichompeleka Ngũgĩ gerezani ni tamthilia ya wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, mahali palipokuwa na darasa la kisomo cha watu wazima. Aliimaliza riwaya kwa wiki mbili, kati ya abiria na abiria. Mtu huyu ndiye ambaye cheti chake kinasema hakusoma vizuri.

Baada ya hivyo viwili, kabati langu la Kiswahili linakuwa jepesi kupita kiasi. Wafasiri tunao. Mwalimu Nyerere alimfasiri Shakespeare akiwa na nchi nzima ya kuendesha. Sioni kwa nini wenye shahada za tafsiri, nao ni wengi sasa, wasigawane Douglass, ambaye kitabu chake hakina tena haki za kumilikiwa na mtu, sura moja kila mmoja.

Sisi tumeanza na Woodson, kwa daftari, na tumekwama kwenye jina. Karani anataka Elimu Potofu. Fundi anasema hilo litamfanya msomaji adhani ni kitabu cha dini. Mimi nilipendekeza Kupotoshwa kwa Mweusi, wakalikataa wote. Kijana wa bodaboda anashikilia lake: Waliosomeshwa Wasisome. Karani anapinga kwamba kitenzi kimoja hakiwezi kukaa mara mbili katika jina la kitabu, tena mara ya pili kimekanushwa, na ameahidi kuja na ushahidi wa sarufi. Kijana amemjibu kwamba kitenzi chenyewe kina maana mbili, na atakayeona vyema asome ndani.